Maswali ya Wasomaji: Ukoga wa Ledi Ndani ya Mtutu wa Karabini

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa wapiga shabaha wanaotumia karabini (bunduki fupi) za risasi za bastola, na karibu zote zina lalamiko moja: vichwa vya ledi (sehemu ya risasi inayoruka) vilivyopakwa polima vinaacha ukoga wa kijivu ndani ya mtutu, ingawa sifa kubwa ya mpako ni kuzuia jambo hilo hilo. Tumeyajibu maswali kwa pamoja. Yanayohusu kujaza risasi (kuziunganisha mwenyewe kwa ganda, baruti na kichwa) ni kwa wale wanaoruhusiwa na sheria ya mahali walipo. Vipimo vya baruti hatutoi. Hivyo vitafutwe kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti yenyewe.

Swali: Vichwa vile vile vya milimita 9 vinaiacha bastola yangu safi kabisa. Kwenye karabini yenye mtutu wa inchi 16, risasi mia moja zinatosha kuleta michirizi ya kijivu. Tofauti inatoka wapi?

Usibadili kitu chochote kwanza. Hakikisha bunduki haina risasi, toa bolti (kipande kinachofunga nyuma ya mtutu) au izuie ibaki wazi, pitisha kitambaa kikavu mara mbili tatu kuondoa masizi, kisha mulika tochi ndogo upande wa chemba (pale risasi inapokaa) na utazame kutoka mdomoni. Halafu geuza. Ukoga wa ledi haukai ovyo, na mahali ulipokaa ndipo panapoonyesha chanzo chake.

Ukiukuta kwenye sentimita tatu hadi tano za mwanzo, mbele ya chemba, kichwa ni chembamba kuliko mtutu. Shinikizo la risasi ya milimita 9 linaweza kufika baa 2,350. Gesi ya namna hiyo ikipata upenyo kati ya kichwa na mifuo ya mtutu (mitaro inayozunguka ndani yake), inapita kwa kasi na kula kingo za kitako cha kichwa. Ledi iliyoliwa inarushwa mbele kama vumbi la moto, inatua kwenye chuma, na kichwa kinachofuata kinaipiga pasi ikashikamana. Hapo ugumu wa ledi si dawa. Wengi hukimbilia vichwa vigumu zaidi, na tatizo linazidi, kwa sababu kichwa kigumu hakitanuki kuziba ule upenyo. Kwa risasi za bastola, aloi (ledi iliyochanganywa na metali nyingine) yenye ugumu wa 12 hadi 16 kwa kipimo cha Brinell inatosha. Mchanganyiko maarufu wa ledi asilimia 92, antimoni 6 na bati 2 uko humo humo.

Ukoga ukianza katikati, tafuta sehemu iliyobana au chuma kilichokwaruzwa na mashine wakati wa kutengenezwa. Ukiwa umekaa robo ya mwisho tu, kuelekea mdomoni, maana yake mpako umetoboka njiani: matuta, yaani sehemu zilizoinuka kati ya mifuo, yameuchana, na ledi tupu inasugua chuma hadi inapotoka.

Kuhusu tofauti na bastola, sababu ni mbili. Ya kwanza ni urefu. Mtutu wa bastola wa sentimita 10 unakiachia kichwa mapema, lakini karabini inakisugua sentimita nyingine 30, tena kwa kasi ambayo mara nyingi inazidi ya bastola kwa mita 30 hadi 60 kwa sekunde. Kasoro ndogo ya mpako ambayo bastola inaisamehe, karabini inaifichua. Ya pili ni kwamba mitutu hiyo miwili haina kipimo kimoja, hata kama yote imeandikwa milimita 9. Mtutu wa karabini ukizidi ule wa bastola kwa milimita 0.03 tu, kichwa kilichoziba vizuri kwenye bastola kitavujisha gesi kwenye karabini.

Swali: Nitajuaje kama ni ledi kweli, si masizi ya baruti wala rangi ya mpako?

Masizi ni meusi na yanatoka kwa dawa ya kawaida ya kusafishia mtutu. Mabaki ya mpako yana rangi yake, nyekundu, kijani au bluu, na yanaonekana kama alama ya kalamu ya nta kwenye kona ya tuta. Ledi ni kijivu chenye mng'ao hafifu na ina kimo: ukiielekezea mwanga kwa ubavu utaona magamba membamba yakifuata mzunguko wa mifuo. Pitisha brashi ngumu kisha kitambaa cheupe. Vikitoka vipande vidogo vinavyong'aa kama makombo ya karatasi ya fedha, hiyo ni ledi. Doa la kijivu lisilotoa vipande, na lisiloongezeka baada ya risasi hamsini nyingine, liache. Si kila mtutu usiong'aa una tatizo.

Swali: Ninapimaje mtutu wangu, na ninunue kichwa cha kipimo gani?

Tafuta kipande cha ledi laini kabisa isiyo na antimoni, kinene kidogo kuliko mtutu. Risasi ya duara ya kuvulia samaki mara nyingi inafaa. Paka mafuta ndani ya mtutu na juu ya kipande hicho. Kigonge taratibu kwa nyundo ya mbao kiingie, kisha kisukume hadi upande wa pili kwa ufito wa shaba, usio wa chuma. Kikitoka, pima sehemu zilizojitokeza, ambazo ni alama ya mifuo, kwa mikromita inayosoma hadi milimita 0.01. Kalipa ya kawaida haitoshi. Kosa lake linaweza kuwa kubwa kuliko tofauti unayoitafuta. Mtutu wenye mifuo sita unapimika kwa urahisi kwa sababu mifuo inatazamana. Wenye mitano unahitaji mikromita yenye fuawe ya umbo la V, la sivyo utasoma namba pungufu.

Kanuni ni kichwa kiuzidi mtutu kwa milimita 0.02 hadi 0.05. Mtutu wa milimita 9 kwa kawaida una mifuo ya milimita 9.02, na vichwa vingi vilivyopakwa huuzwa vikiwa 9.04. Mtutu wako ukipima 9.04, agiza vya 9.07. Karabini za .45 zenye mifuo ya 11.46 zinataka 11.48. Za .357 Magnum zenye 9.07 zinataka 9.09. Wenye karabini za .44 Magnum wawe waangalifu zaidi: kipimo cha kawaida cha mifuo ni 10.90, lakini mitutu ya Marlin yenye mifuo mingi mifupi kwa kimo hufika 10.95, na vichwa vya bastola vya kipimo cha kawaida vinaogelea humo. Kabla ya kuagiza kichwa kinene, jaza risasi moja isiyo na baruti wala fataki (kiwashio cha baruti) uone kama chemba inaipokea bila kulazimishwa.

Unaposukuma kile kipande cha ledi, usiwe na haraka. Mkono wako unapima kitu ambacho mikromita haikioni. Kikikaza ghafla na kisha kulegea, mtutu umebanwa mahali hapo, mara nyingi chini ya mfuo wa kuwekea kilengeo au pale mtutu unapoingia kwa nati kwenye mwili wa bunduki. Kichwa kikipita hapo kinafinywa, na mbele yake hakizibi tena. Ukoga wa namna hii huanza mara tu baada ya sehemu iliyobana, na hakuna kichwa wala mpako utakaouondoa. Hiyo ni kazi ya fundi wa bunduki.

Swali: Nimepima, mtutu ni 9.02 na vichwa ni 9.04. Bado ukoga upo mbele ya chemba. Nifanyeje?

Swali hili ndilo tunalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake karibu kila mara liko mezani pa kujazia, wala si kwenye mtutu. Kichwa kinachotoka kwenye boksi si lazima kiwe ndicho kinachoingia kwenye mtutu. Katikati kimepita kwenye ganda na kwenye dai (kifaa cha presi kinacholipa ganda umbo lake), na humo ndimo kinapoharibiwa.

Chukua risasi moja uliyoijaza, weka kwenye nyundo ya kung'olea vichwa, gonga hadi kichwa kitoke bila kuguswa na koleo. Risasi hiyo iwe mpya, isiwe iliyokataa kulipuka. Kisha pima kitako cha kichwa. Kikisoma 9.04, ganda halina kosa. Kikisoma 9.01, umeshapata jibu: ganda limekifinya. Baada ya hapo kitazame chini ya mwanga. Mchubuko mrefu ubavuni, wenye rangi ya ledi tupu, umetokana na mdomo wa ganda usiopanuliwa vya kutosha. Duara lililokatwa kuzunguka kichwa, unaloweza kulisikia kwa ukucha, limetokana na mdomo kubanwa kupita kiasi. Kila alama ina tiba yake.

Kufinywa kwanza. Dai nyingi za milimita 9 zina kipanuzi kilichokusudiwa vichwa vyenye koti la shaba, chenye unene wa takriban milimita 8.97. Kwa ledi ni chembamba mno. Ganda linakuwa gumu kuliko kichwa, na ledi ndiyo inayokubali kubadilika. Weka kipanuzi cha 9.02 hadi 9.04, kirefu kiasi cha kufika pale kitako cha kichwa kitakapokaa. Aina yenye ngazi mbili ni bora, kwa kuwa ngazi ya pili inafungua mdomo wima badala ya kuufanya kama tarumbeta. Angalia pia maganda yenyewe. Yapo yenye ukuta unaonenepa mapema kuelekea kitako, mengine yana ngazi kabisa ndani, na kichwa kirefu cha gramu 9.5 kikishuka hadi hapo kinabanwa hata kama kipanuzi ni sahihi. Yatenge maganda hayo, yatumie kwa vichwa vyenye koti.

Mdomo wa ganda uupanue hadi kitako cha kichwa kiingie kwa nguvu ya kidole, karibu milimita moja, kikae wima bila kukwaruzwa. Ukiukodolea macho kutoka juu utaona ukingo mwembamba wa shaba ukizunguka kitako, hiyo inatosha. Kuzidisha kunachosha shaba, na maganda yanapasuka mdomoni mapema.

Kubana mdomo ndiko kunakowaponza wengi. Kwa milimita 9, kazi ya dai ya kubania ni kuondoa ule upanuzi tu. Kichwa cha 9.04 kwenye ganda lenye ukuta wa 0.28 kinafanya 9.60, basi mdomo upime 9.60. Ukishuka hadi 9.50 unakata mpako na kufinya ledi, na hupati faida yoyote, kwani kinachokishika kichwa kisirudi ndani ni mkazo wa ukuta wa ganda. Hakikisha mkazo huo kwa kuisukumiza ncha ya risasi kwenye ukingo wa meza kwa nguvu ya kidole gumba: urefu wake usibadilike. Kichwa kikizama, shinikizo linapanda kwa hatari, na hapo kipanuzi chako kimezidi unene.

La mwisho ni dai za kubania zenye pete ya kabaidi (kitu kigumu kuliko chuma) inayosawazisha ganda zima. Pete hiyo ilitengenezwa ikiwa na nia njema, yaani kila risasi iingie chemba. Kwa kichwa kinene cha ledi inafinya ganda pamoja na kilichomo. Ganda ni la shaba, linarudi kidogo, ledi hairudi. Unabaki na kichwa chembamba kilicholegea. Ukisikia pete inashika risasi wakati mkono wa presi unashuka, toa dai hiyo na utumie ya kawaida ya kubana kwa mteremko.

Swali: Ninapaka vichwa mwenyewe kwa rangi ya unga na kuvioka. Mpako unabanduka vipande vipande. Kosa ni nini?

Ama havikuiva, ama vilikuwa vichafu. Rangi ya unga ya kawaida inataka nyuzi 200 za Selsiasi kwa dakika 20, na dakika hizo zihesabiwe kuanzia pale vichwa vyenyewe vinapofika joto hilo, si pale oveni inapofika. Trei iliyojaa kilo mbili za ledi inachelewa sana kupata moto. Weka kipimajoto cha waya katikati ya vichwa, usiiamini namba iliyochorwa kwenye kitufe cha oveni. Oveni hiyo isipikiwe chakula tena, na ikae mahali penye hewa inayopita.

Mipako ya majimaji kama Hi-Tek ina taratibu zake: matabaka mawili au matatu membamba, kila moja likikaushwa kabisa kabla ya kuingia oveni. Unyevu ukibaki, mpako unafanya malengelenge na kushika juujuu. Kuuweka mzito kwa mara moja ili kuokoa muda ni chanzo kikubwa cha vichwa vinavyobanduka.

Kwa mipako ya Hi-Tek, sugua kichwa kilichopoa kwa kitambaa cheupe chenye asetoni kwa sekunde kumi na tano. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, rudisha oveni. Jaribio la pili linafaa aina zote: kiweke kichwa juu ya chuma, kipige nyundo hadi kiwe bapa. Mpako mzuri unanyooka pamoja na ledi bila kuachia. Ukiona magamba, usivitumie hivyo vichwa. Angalia na vitako. Vichwa vilivyookwa vikiwa vimesimama mara nyingi vina kitako chenye mpako mwembamba au uliochanika wakati wa kuvibandua kwenye trei, na kitako ndicho kinachokutana na gesi. Pima unene baada ya kuoka, kisha vipitishe kwenye dai ya kusawazisha ya kipimo ulichochagua.

Swali: Ukoga umeshakuwa mwingi. Nautoaje? Nimeambiwa nipige risasi chache zenye koti la shaba, zitaufagia.

Usifanye hivyo kwenye mtutu wenye ukoga mzito. Koti la shaba linapita juu ya sehemu kubwa ya ledi na kuipiga pasi ikakaze zaidi, na njia ikiwa imebana, shinikizo linapanda. Siki iliyochanganywa na haidrojeni peroksaidi nayo iepuke kabisa. Ni kweli inayeyusha ledi, lakini inaigeuza chumvi ya ledi asetati, sumu inayoyeyuka majini, na wakati huo huo inakula chuma na rangi yake nyeusi ikicheleweshwa kidogo tu. Dawa za amonia za kuondolea shaba haziigusi ledi.

Ledi inatolewa kwa kusuguliwa. Paka mafuta mepesi yanayopenya, acha usiku mzima. Chukua brashi ya bronzi iliyochakaa, ya kipimo cha mtutu wako, na uizungushie nyuzi za shaba nyekundu za kusugulia sufuria hadi iingie kwa kukaza. Kabla ya hapo zipitishie sumaku: zikivutwa, ni chuma kilichopakwa shaba, na zitachora mtutu. Ingiza kutoka upande wa chemba, mdeki (ufito wa kusafishia) ukiwa na kiongozi kinachouzuia kugusa kuta, usukume hadi brashi itoke yote mdomoni, kisha urudishe. Usigeuze brashi ikiwa katikati ya mtutu. Mara kumi hadi kumi na tano, kitambaa, tochi, tena. Kama karabini yako haiwezi kufunguliwa nyuma, tumia kamba ya kuvuta kutoka chemba kuelekea mdomoni. Mdeki unaosugua ukingo wa mdomo unaharibu shabaha kuliko ledi yenyewe.

Ukimaliza, ondoa na shaba iliyobaki kutokana na risasi za koti ulizopiga zamani. Shaba iliyoganda kwenye matuta ni kama tupa kwa mpako. Mtutu ulioanza safi kabisa mara nyingi unabaki safi.

Swali: Baada ya risasi mia mbili bolti haifungi hadi mwisho, inabaki wazi kidogo. Mtutu ni msafi.

Acha kuipiga hadi uisafishe. Karabini nyingi za milimita 9 hazina kufuli ya bolti. Uzito wake na springi ndivyo vinavyoshikilia ganda. Ikifyatuka bolti ikiwa haijafunga, ganda linaweza kupasuka bila ukuta wa chemba kulizunguka.

Tazama ngazi iliyo mwisho wa chemba, pale mdomo wa ganda unapogota. Hapo hujikusanya pete ya mpako na ledi iliyonyolewa na midomo mikali ya maganda. Izungushe brashi ya chemba kwa mkono, kisha chokoa pete kwa kijiti cha shaba ya njano kilichochongwa. Ukitaka isirudi, chunguza vichwa virefu vinavyogusa matuta kabla ya kufyatuliwa: ingiza risasi isiyo na baruti wala fataki kwenye chemba, itoe, uangalie kama kuna alama nne au sita mpya kwenye bega la kichwa. Zikiwepo, zamisha kichwa zaidi, na rekebisha baruti kufuatana na kitabu, maana kuzamisha kunapandisha shinikizo. Wenye .357 Magnum wanaopiga risasi fupi za .38 Special watapata pete kama hiyo mbele kidogo ya mdomo wa ganda fupi, na itawasumbua siku watakaporudi kwenye maganda marefu.

Swali: Je, naweza kutumia vichwa hivi kwenye karabini ya gesi au yenye kizuia sauti?

Fuata kitabu cha mtengenezaji. Kwenye karabini ya gesi, tundu la mtutu linanyoa ledi na kuipeleka kwenye pistoni. Vizuia sauti visivyofunguka havifai kabisa kwa ledi, hata iliyopakwa, kwani kilichoingia humo hakitoki. Glock nayo inashauri risasi zenye koti kwa mitutu yake isiyo na kona kali.

Swali: Mpako unazuia ledi kuingia mwilini?

Unapunguza ledi unayoishika kwa vidole, basi. Moshi wa risasi bado unayo, kwa kuwa fataki nyingi zina ledi stifneti, na vitambaa vya kusafishia mtutu vina ledi nyingi. Vaa glavu za nitrili. Safishia mahali penye hewa, si jikoni. Vitambaa na nyuzi zilizotumika zifunge kwenye mfuko na kuzikabidhi kwenye taka zenye sumu. Meza ipanguse kwa kitambaa chenye maji na sabuni. Kufagia kukavu kunarusha vumbi. Nawa mikono na uso kwa sabuni na maji ya baridi kabla ya kula, na nguo za uwanjani zifuliwe peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha ledi kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi, hivyo viatu vya uwanjani vibaki nje ya mlango. Anayepiga kila wiki au kuyeyusha ledi mwenyewe aombe kipimo cha ledi kwenye damu mara moja kwa mwaka, na amweleze daktari anafanya shughuli gani.